Pembe ya Leso

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja Kisauni na mwanangu mwenye homa, mama mmoja alipoanguka mbele yetu. Akalazwa kitandani; daktari, mwanamume, akamtia nyaya mikononi, akaitazama mashine.

"Moyo wapapatika tu, damu haiendi. Lazima nimshtue kwa umeme sasa hivi. Mfungueni kifua."

Mume wa yule mama akalishika buibui la mkewe shingoni kwa mikono miwili. "Mbele ya wanaume wote hawa? Wallahi hamumfunui! Mwiteni daktari wa kike."

"Mzee, mkeo anakufa."

"Nimesema hafunuliwi!"

Bibi mmoja akavua leso yake. "Wanawake, leteni leso, mgeuke mumpe mgonjwa mgongo." Tukamzunguka, tukazitanda leso kama pazia. Kisha akamgeukia mume. "Nawe mwanangu, wasimama bure? Shika pembe hii, ikaze, isianguke!"

Akaishika, kwa mikono miwili. Muuguzi akapitisha makasi kwenye buibui.

"Asimguse mtu!" daktari akapaza sauti. Kitanda kikatikisika. Tukangoja.

"Moyo umerudi," daktari akasema.

Mume aliendelea kuikaza ile leso hata baada ya mkewe kufunikwa. Miaka yote ya ndoa nimebishana na mume wangu, kumbe ningempa kitu cha kushika.