Programu Niliyomtolea Mama wa Uru

Mimi si mtu wa kushtuka. Nimelala stendi ya Moshi miezi minne bila hata shuka, nimekimbizwa na mgambo, nimewahi kuuziwa kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu mpya. Ungeniambia kipo kitu duniani cha kunitetemesha mimi, ningekucheka usoni. Ndivyo nilivyokuwa mpaka Julai ile. Na haya ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe. Sikuyasikia kwa jirani, wala hayakumpata mtu fulani wa mahali fulani. Mke wangu yupo, mtoto yupo, duka lipo. Asiyeamini aje aulize.

Kwanza unijue. Elimu yangu darasa la saba, tena la kusukumwa. Nilianza na sinia la chaja na kava, natembea juani nikiita wateja mpaka sauti inakauka. Leo nina duka lenye vioo na nyumba ya vyumba vinne Shirimatunda, na kuanzia tofali la kwanza hadi bati la mwisho ni jasho langu. Wenye digrii zao wananiletea simu wakiwa wameshika kichwa. Na kazi iliyonipa jina mjini ni moja: kutoa programu za kampuni.

Unazijua. Unanunua simu kwa kampuni ya mtandao, ile ya kulipa kidogo kidogo, unaiwasha unakuta imejaa. Ya muziki, ya bahati nasibu, ya mikopo, ya milio ya simu. Hukuziomba. Zinakula nafasi, zinakula bando, na ukitaka kuzifuta simu inakwambia haiwezekani. Mafundi wengi watakwambia uvumilie. Mimi hapana. Naingia kwenye mipangilio, nabonyeza namba ya toleo mara saba mpaka simu inikubali, nachomeka waya kwenye kompyuta, naandika mstari mmoja mmoja, na kwa kila mstari inaondoka programu moja. Nilijifunza kwa kutazama video za watu ambao hata lugha yao siielewi. Nilikuwa naangalia vidole vyao tu.

Siku hiyo ilikuwa mchana, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mjini. Akaingia mama mmoja wa miaka sitini na kitu, amevaa sweta la kiume juu ya kanga, na buti za shambani zenye udongo mwekundu wa Uru, huko juu mlimani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Kimya. Nikarudia. Hakuitikia. Sasa wewe mtu wa kwetu unajua, mtu mzima hanyimi marahaba. Hata mlevi aliyelala kwenye mtaro ataitikia kabla hajakutukana. Nikasema labda masikio.

"Ndiye wewe unayetoa vitu vya kampuni?" akaniuliza.

"Umefika, mama. Hapa hata shetani, mradi amewekwa na kampuni, namtoa."

Nikacheka peke yangu. Akaweka simu kwenye kioo cha meza. Simu ya kawaida tu, pembeni imepasuka.

"Nitolee kimoja tu. Hiki cha salamu. Vingine viache."

Nikaitambua, ni ile programu ya kampuni ya kutumiana salamu za sauti na kupigiana. Nilishaitoa kwenye simu za watu mia huko nyuma. Nikamuuliza inamsumbua nini.

"Kinapiga saa kumi jioni."

"Kinapiga kinasema nini?"

Badala ya kujibu akaniuliza yeye: "Ukishakitoa, unakipeleka wapi?"

"Hakiendi popote, mama. Kinafutika, basi."

"Kitu hakifutiki hivihivi, baba," akasema taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Kikitoka hapa, kimeingia pale."

Nikaandika mstari wangu. Programu ikatoka. Nikachomoa waya, nikageuza simu nimwonyeshe, ipo palepale. Nikatoa tena. Ikarudi. Niamini, miaka yote ya kazi hiyo haijawahi kunitokea. Nikatoa mara ya tatu huku kijasho kinaanza, na bado ipo. Hapo mama akafungua fundo la kanga yake akatoa hela. Nikanyoosha mkono kupokea. Akarudisha wake nyuma haraka, kama amegusa jiko, akaziweka juu ya kioo.

"Chukua mwenyewe."

Nikachukua. Kwa nini nisichukue? Nikatia kwenye droo, nikageuka kuangalia simu. Programu haipo. Safi kabisa.

"Aika mbe," akanishukuru kwa Kichaga, na hapo ndipo sauti yake ikawa ya mtu. Alikuwa anatazama picha ya binti yangu Doreen niliyoibandika ukutani. "Ni wako?"

"Wangu. Huyo huyo mmoja."

Akaziba mdomo kwa kanga. Akatoka kwenye ukungu bila kugeuka.

Kesho yake saa kumi kamili simu yangu ikaita. Yangu mimi, ambayo haina hata programu moja ya kampuni, maana nitamtolea vipi mwenzangu uchafu nikiwa nao mwenyewe? Nikaangalia kioo. Ile ya salamu, na chini yake hakuna namba. Nikapokea.

"Baba," ikasema sauti ya Doreen. "Njoo unichukue. Niko huku juu, kwenye migomba. Kuna baridi."

Nikampigia mwalimu wake. Doreen yupo darasani, masomo ya ziada, hadi saa kumi na moja. Mwalimu akampa simu, tukaongea, akaniuliza, "Kwani kuna nini, baba?" Nikasema hakuna kitu. Nikajiambia ni wahuni wamerekodi sauti ya mtoto. Nikaitoa programu, nikafuta simu nzima nikaianzisha upya, nikabadilisha na laini. Siku ya pili saa kumi ikaita. Ya tatu ikaita. Ya nne nilitoa betri, nikaiweka simu wazi mbele yangu kama kuku aliyepasuliwa, na ikaita.

Sikumwambia mke wangu. Nataka ulielewe hili, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Mama Doreen angeniuliza swali moja ningemwambia. Lakini mimi ndiye fundi ninayetegemewa na mji mzima, nitaanzaje kusema kuna programu imenishinda? Siku ya saba nikaiacha simu nyumbani, imezimwa, ndani ya droo ya kabati, chini ya mashuka. Nikaenda dukani nikipiga mluzi.

Niliporudi saa kumi na mbili nilimkuta Doreen amekaa barazani na begi lake la shule.

"Mama yuko wapi?"

"Sijamkuta, baba. Mlango ulikuwa wazi."

Droo ya kabati imevutwa, mashuka yako chini, simu iko kitandani. Jirani akaniambia alimwona Mama Doreen akitoka mbio bila viatu, akadandia bodaboda. Alimuuliza vipi, akajibu: "Doreen amepotea Uru, ananililia!"

Tulimtafuta watu zaidi ya ishirini. Alipatikana asubuhi na watu waliokwenda kukata majani ya ng'ombe, kule juu ya Uru, amekaa ndani ya mfereji wa maji mpaka kiunoni, ameshika shina la mgomba. Alikuwa hai. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikapiga magoti kwenye tope, mimi ambaye kanisani nakaa viti vya nyuma ili nitoke mapema.

Tukamleta nyumbani. Doreen akamkimbilia, akamkumbatia miguu. Mama yake akamtazama muda mrefu, halafu akamsukuma.

"Huyu mmemtoa wapi?"

"Mama Doreen, ni mtoto huyu."

"Doreen yuko kule juu analia. Nilikuwa namsikia. Nimebakiza hatua chache mkanishika." Akamwangalia tena yule mtoto, macho makavu. "Huyu si wangu. Mrudishieni mwenyewe."

Hospitali walimpa dawa za kulala. Akiamka, ni yale yale.

Nikapanda Uru kumtafuta yule mama. Sikuchukua hata asubuhi nzima. Kila niliyemtajia sweta la kiume alisema, ni yule aliyezika watu watatu mwaka mmoja. Nilikata jani la sale, nikalifunga fundo kama tulivyofundishwa, kwa sababu mtu ukimpelekea sale hawezi kukukatalia. Ndugu waliotaka kuchinjana wamepatanishwa na jani hilo. Nilimkuta anapalilia maharage chini ya kahawa, mjukuu wake wa kike anachezea vibunzi pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Aliitikia vizuri kabisa. Halafu akadondosha jembe, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

Nikanyoosha sale, na hela zake zilezile. Hakutoa mikono.

"Mama, hili ni sale."

"Naliona."

"Pokea."

"Sipokei kitu cha mkono wa mtu tena. Hata komunyo padri ananiwekea ulimini." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, maana mikono iko nyuma. "Kilimwita mume wangu kwa sauti ya marehemu mama yake. Akaenda. Kikamwita mwanangu kwa sauti ya baba yake. Akaenda. Kikamwita mkwe. Nimebaki na huyo unayemwona hapo. Kikaanza kuniita kwa sauti yake. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia ungechukua hela?"

Nikashusha mkono wenye sale na zile hela.

"Ni kama vile vya njia panda," akaendelea. "Mganga akitoa kitu kwa mgonjwa hakitupi. Anakiweka na sarafu, na atakayeokota sarafu ameokota na kitu. Aliyemuuzia mwanangu simu alijua; alimwomba akitoe, akampa hela ya soda. Mimi sikujua mpaka nilipozika wa tatu. Lazima mtu akitoe kwa kazi yake, na achukue ujira kwa mkono wake mwenyewe. Nenda ukafanye hivyo, baba. Mke wako yuko hai. Una bahati kuliko mimi."

"Siwezi kumfanyia mtu hivyo."

"Hata mimi nilisema hivyo," akasema.

Nililiacha lile sale kwenye tawi la kahawa nikashuka. Na simu iliendelea kuita saa kumi, na kila ikiita mke wangu alikuwa anaamka hata awe amelewa dawa, anakwenda mlangoni. Tukafunga makufuli. Siku moja alivunja dirisha kwa mikono. Nilipoona damu kwenye pazia nikajua atakwenda tu, leo au kesho, na safari nyingine hatakutwa kwenye mfereji akiwa hai.

Sasa ninakuambia nilichofanya. Nilikwenda Sanya Juu siku ya soko, mahali ambapo hawanijui. Kulikuwa na fundi mmoja, mtu mzima kama mimi, meza yake iko chini ya mwavuli wa rangi mbili. Nikamwambia nitolee hii programu ya kampuni, hii ya salamu tu. Akachomeka waya. Mke wake akaja na sufuria la machalari, akanisalimia, akasema, "Karibu, shemeji, tule." Nikala. Ndizi zilikuwa tamu, nyama haikuwa nyingi. Fundi akahangaika, ikitoka inarudi, akakuna kichwa akasema, "Mzee, hii imenishinda, na mimi nisichokiweza sitozi. Nenda na simu yako, hakuna deni."

Alikuwa ameniokoa, unaona? Alikuwa amejiokoa yeye. Ningeweza kuinuka.

Nikaweka hela juu ya meza. Akazisukuma kwangu. "Hapana, mzee." Nikamwambia, chukua ya soda ya watoto, usinidharau. Akacheka, akasema, "Basi, kama ni ya watoto." Akaziokota.

Nikaangalia simu yangu. Safi kabisa.

Tangu siku ile haijaita. Nilidhani mke wangu atarudi kuwa mke wangu. Hakurudi. Hatoki tena mbio, anakula, anafua, ananiitikia. Lakini Doreen hamtaki. Anasema wake ameacha kulia huko juu, kwa hiyo amekufa, na amemwekea matanga. Binti yangu sasa anaishi kwa dada yangu. Kila Jumapili anakuja na nguo safi, anapiga shikamoo mlangoni, na mama yake anamjibu, "Marahaba, mtoto wa watu." Ile kazi ya kutoa programu za kampuni nimeiacha. Anayekuja nayo namwambia avumilie.

Na wewe unayesoma, kama ni fundi, akija mtu akakuomba umtolee kitu kimoja tu na vingine uviache, akakataa kukupa hela mkononi, usiziguse. Hata akikubembeleza, hata akisema ni ya watoto. Hasa wewe wa Sanya Juu, kama uko hai na haya yakakufikia, tafuta mlango wako wa kutokea, mimi siwezi kuja kukutazama usoni. Hospitali, dawa, vioo vya dirisha, nilishalipa nikasahau. Kukitoa kile kitu nyumbani kwangu na kukitia kwako kulinigharimu shilingi elfu tatu na mia tano.