Mkono wa Mtu wa Chupa

Kila mwezi Wavinya humkuta pale silanga ya Tulia, bwawa la kunyweshea mifugo, yule mtu wa chupa, ameinama juu ya maji kabla ng'ombe hawajayavuruga. Anatafuta vijidudu na vijimea ambavyo jicho haliwezi kuviona, lakini huacha DNA yao majini, na maabara huko Nairobi huvitambua kwa hiyo tu. Husukuma maji kwa bomba la sindano yapite kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia inayoinasa DNA hiyo, polepole, mpaka mishipa ya mkono inamsimama. Kila chupa ina glovu zake mpya. Kikohozi kikimshika, hukimbilia kwenye migunga. "Mate yangu yakiingia, wataniona mimi badala ya wadudu," alimwambia Wavinya siku moja, huku ameyapa maji kisogo. Salamu huzipokea kwa kiwiko, na wazee, ambao kwao mtu hanyimwi mkono, wameshasema ana maringo.

Leo Wavinya alifika na punda wake wawili, akasahau, akamnyooshea mkono. "Umeamkaje, daktari?"

Mtu wa chupa aliutazama ule mkono. Akaitazama karatasi, maji yamebaki kidogo tu yaishe kuchujwa. Kisha akavua glovu. Kiganja chake kilikuwa kimekunjamana kwa jasho, cheupe kama cha mtu aliyefua kutwa nzima. Akamshika mkono Wavinya, akakaa nao, mpaka punda wakachoka kungoja wakaenda kunywa wenyewe.

"Nimekuharibia kazi?"

"Nitaanza upya, mama."

Akaitupa ile karatasi, akaketi kwenye jiwe, glovu mpya magotini, asizivae mpaka Wavinya na punda wake walipopotea kilimani.