Kesi ya Fundi Rejeta

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa rejeta za magari, zile zinazopoza maji ya injini. Kazi yake ni kuizamisha rejeta kwenye pipa la maji, kuipuliza na kutazama mapovu yanatokea wapi, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mapovu. Hata mwalimu mkuu wa binti yake alipomwita shuleni aliandika "Kwa Bwana Mapovu", naye akaenda bila kinyongo.

Karakana yake ni chumba kirefu cha mabati. Dirisha la nyuma aliliziba zamani ili upepo usizime moto wa tochi ya gesi. Humo ndani ameziba matundu ya rejeta kwa lehemu tangu kabla hajaoa. Rejeta alizipuliza kwa mdomo wake mwenyewe. Kompresa ya kupulizia upepo aliinunua baadaye, akaendelea kuidharau. Petroli aliinyonya kwa mpira, akatema chini na kucheka. Chai aliinywa kwa vidole vyeusi, sigara aliiwashia kwenye moto wa tochi. Jumapili alicheza beki wa kati, na kila mpira wa juu ulikuwa halali ya kichwa chake. Nayasema haya mapema kwa sababu yote yalikuja kutajwa.

Ugonjwa ulianza na spana. Ilimponyoka, akailaumu spana. Kisha vifungo vya shati vikamshinda, akalaumu shati. Nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha pili ilibonyea, na misuli ya bega ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi hata akiwa ametulia. Baada ya vipimo vingi tulifika kwa daktari wa neva, mama mmoja mpole asiyependa kuzungusha maneno. Tuliingia wanne: mgonjwa, dada, binti yao na mimi.

"Kuna neva zinazopeleka amri kwenye misuli," alisema daktari. "Zako zinakufa kidogo kidogo. Dawa ya kuponya hatuna. Kuna dawa ya kupunguza kasi kidogo, kuna mazoezi na vifaa, na sisi tupo."

Dada aliuliza, "Imesababishwa na nini?"

"Sijui, mama. Na si mimi peke yangu. Wachache wanarithi. Kwa wengine, watafiti wanashuku mambo mengi: madini ya risasi, dawa za kuulia wadudu, sigara, kazi nzito kupita kiasi, kuumia kichwa mara kwa mara. Lakini kushuku si kuthibitisha. Kuna watu wameishi na hayo yote wakazeeka salama, na kuna waliougua bila kuyagusa. Siwezi kushika kimoja nikasema ni hiki."

Mapovu aliinua kichwa. "Kwa hiyo sikujiletea."

"Hakuna mtu anayeweza kukwambia ulijiletea."

"Shemeji, umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia."

"Basi wewe ni shahidi."

Binti yao, ambaye ni fundi mwenzake tangu amalize shule, alikuwa amesimama karibu na mlango. "Na mimi ninayefanya naye kazi?"

"Lehemu yenu ina risasi," alisema daktari. "Risasi inaharibu damu, figo na ubongo. Hilo halina ubishi, liwe na uhusiano na ugonjwa huu au lisiwe nao. Usiuvute moshi wake, na usile kwa mikono iliyoishika."

Sidhani kama Mapovu alilisikia hilo la mwisho. Alikuwa ameshapata alichokitaka, anavaa kofia.

Nyumbani, kaka yake mkubwa aliitisha kikao. Kaka huyu alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na kwake hakuna jambo linalotokea bila kuwepo mshitakiwa. Alikaa kwenye kiti cha peke yake, akakohoa kidogo.

"Tuseme ukweli," alianza. "Ni hiyo lehemu. Nilikutafutia nafasi ya utarishi pale mahakamani, ukaikataa."

"Sigara," alisema mama yangu, yaani mama mkwe wake. "Siku aliyokuja kuposa alinuka moshi toka getini. Nilisema, sikusikilizwa."

Dada alikuwa anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. "Mimi naona ni ule mpira. Kila Jumapili kichwa, kichwa, na mimi nabaki na watoto."

Mapovu akacheka. Kicheko chake kilikuwa kimeanza kubadilika. Kilitoka kirefu na hakikutaka kukatika. Tulingoja kiishe.

"Hebu jitazameni," alisema. "Kaka hakuwahi kuipenda kazi yangu, kasema ni kazi. Mama hakupenda sigara, kasema ni sigara. Mke wangu hakupenda mpira, kasema ni mpira. Bahati yangu sina mchepuko, leo mngesema yeye ndiye kazila hizi neva."

"We baba, adabu!" alisema mama, lakini mtandio ulikuwa umeshapanda mdomoni kuficha kicheko.

Kaka hakucheka. "Fanya mzaha. Karakana ifungwe, vifaa viuzwe, na huyu binti akasomee kitu cha kukaa ofisini."

"Karakana haifungwi."

"Imekuharibu!"

"Nani kakwambia? Daktari mwenyewe hajui, wewe umejulia wapi? Mimi naumwa, kaka. Mtu anayeumwa anapewa pole, hapewi hukumu. Kama huna pole, kunywa chai uende."

Hapo ndipo binti aliposema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Baba mkubwa, mimi siendi ofisini. Nabaki karakana."

Mapovu akaligonga goti lake kwa kiwiko, maana kiganja kilikuwa kizito. "Mmemsikia!"

"Lakini meza ya lehemu inatoka nje," alimalizia binti.

Uso wa baba yake ulibadilika. "Haitoki."

Alinieleza sababu baadaye, tukiwa wawili. Meza ikitoka nje leo, kesho kaka atapita mtaa mzima anasema, mmeona, kakiri mwenyewe. Karakana ile ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha wanawe. Hakutaka iitwe muuaji, na hakutaka yeye aitwe mjinga aliyejiua kwa mikono yake.

Binti hakubishana. Aliacha tu kuwasha tochi. Alifungua rejeta, alizisafisha, alizipima majini, lakini lehemu hakuishika. Rejeta zikajazana mlangoni, wateja wakaanza kuziondoa moja moja. Kama ugomvi huu ungeendelea, kaka asingehitaji kuifunga karakana, ingejifunga yenyewe.

Asubuhi moja nilipeleka chakula, nikamkuta Mapovu amesimama mbele ya meza anajaribu kulehemu kwa mkono wa kushoto. Tochi iliyumba, moto ukalamba ukuta. Binti alifunga mtungi wa gesi, akamkalisha baba yake kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Baba, unapigana na nani?"

"Na wanaosema nimejiletea."

"Wameshashindwa. Daktari kasema hajui. Kama hajui, hakuna wa kukufunga wewe. Ila kutojua kwake hakunipi ruhusa ya kuvuta huu moshi. Ubaya wake wa damu na figo anaujua, kausema mbele yako. Nilisikia peke yangu?"

Mapovu alinitazama mimi. Alikuwa ameniteua shahidi, ikabidi nitoe ushahidi.

"Alisema, shemeji."

"Wewe mzima wa afya," alimwambia binti yake, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Nataka nibaki hivyo. Niupumue miaka yote ili tu baba mkubwa akose la kusema? Atalipata jingine, unamjua."

Mapovu aliikazia macho meza. Niliona anakasirika, na niliona hasira inakosa pa kukaa.

"Nje upepo utazima moto," alisema hatimaye.

"Nitazungushia bati pande tatu."

"Tatu utakuwa umejenga chumba kingine, moshi ule ule. Weka mbili, na mgongo wako uupe upepo." Akanigeukia mimi. "Na wewe umekodoa nini? Shika mguu wa meza."

Tulihamisha. Yeye alisimamia kazi akiwa amekaa juu ya ndoo, akatutukana kwa ufasaha mkubwa, kila mmoja kwa zamu. Baada ya hapo binti aliendelea kubadilisha mambo, na safari hii hakuomba. Alichora mstari mwekundu chini: ndani ya mstari hakuna chakula wala chai. Akaweka ndoo yenye bomba, na sabuni ya kunawia. Ovaroli zikawa hazirudi nyumbani. Kompresa ikapata heshima yake, na petroli ikawa inavutwa kwa pampu. Sigara Mapovu aliiacha mwenyewe siku vidole viliposhindwa kuishika. Dada alijitolea kumshikia, akakataa. "Sigara ya kushikiwa si sigara, ni dawa ya mtoto." Kwa mama akatuma salamu kwamba hajaacha kwa sababu yake.

Wateja walirudi. Mapovu anakwenda karakana kila siku, sasa kwa kiti cha magurudumu, na maneno yake yanatoka mazito na polepole. Anayetaka kuongea naye inabidi angoje.

Mwezi uliopita kaka alikuja na gari lililochemka, kikombe cha chai mkononi kutoka kibanda cha jirani. Aliitazama meza iliyokuwa nje, akatabasamu kama mtu aliyeletewa nakala ya hukumu.

"Kwa hiyo umekiri."

Mapovu alianza kujibu. Kaka, aliyezoea kumkatiza tangu utotoni, alifungua mdomo, kisha akaufunga.

"Sijakiri," alisema Mapovu. "Kilichoniumiza sikijui. Wewe hukijui. Moshi ni mbaya, hilo tunalijua. Na huyu ni mwanangu. Umemaliza?"

Kabla kaka hajasema kama amemaliza, binti aliinua miwani ya kazi usoni. "Shikamoo, baba mkubwa. Umeingia na chai ndani ya mstari."

"Mimi?"

"Wewe. Rudi nyuma, ukimaliza nawa mikono, halafu jiunge na foleni. Kuna waliokutangulia."

Kaka alimtazama mdogo wake ili amtetee. Mapovu alikuwa anacheka, kile kicheko kirefu kisichokatika, machozi yanamtoka, na mkono wa kuyafuta hauinuki tena.

"Usiniangalie mimi," alisema alipoweza. "Bosi ni huyo."

Kaka akarudi nyuma mpaka barabarani, akamalizia chai yake akiwa amesimama kando ya gari lililokuwa bado linatoa mvuke.