Nilimdanganya Fundi, Mke Wangu Akahamia Pikapu ya Jirani

Kosa ni langu, msinitafutie wakili. Shule niliiacha darasa la pili, lakini pikapu nilinunua kwa jasho langu, basi nikajiona profesa wa injini. Mjinga mimi!

Miaka ile ya sabini nilikuwa natoka Shauri Moyo alfajiri na mke wangu, Mama Mutua, kuchukua kabichi Limuru. Yeye ndiye aliyejua kununua na kuuza. Mimi nilijua usukani tu. Baridi ya Limuru huuma hata meno yaliyong'oka, na hita yetu ilipuliza kahewa kama pumzi ya mgonjwa. Mama Mutua akaanza kukohoa.

"Baba Mutua, tengeneza hii hita ama utafute mtu mwingine wa kugandisha."

Nikaipeleka pikapu kwa fundi mmoja Gikomba. Akashika mipira ya maji, akaona mshale wa joto umelala chini kabisa.

"Mzee, themostati iko?"

Hapo ndipo nilipojimaliza! Themostati ni kale kadude kanakozuia maji ya injini yasizunguke mpaka yapate moto, na hita hupata joto lake kwenye maji hayo. Nilikuwa nimekang'oa kwa mkono wangu nikakatupa, maana sisi madereva tuliambiana hayo ni mambo ya Ulaya, huku kwetu yanachemsha injini bure. Sasa watu wamejaa pale, masikio wazi. Niseme nimekosea? Mimi?

"Iko," nikasema. "Tena mpya. Wewe zibua hita."

"Una hakika, mzee?"

"Utanifundisha gari langu?"

Nikampokonya mpira wake wa kuoshea magari, nikaifungulia mfereji wote, kwa nguvu, ile rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya gari, upande wa abiria, inayopitisha maji ya injini. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Kesho yake, tukipanda Limuru, ile rejeta ikapasuka. Maji yakamwagikia miguu ya Mama Mutua. Maji ya uvuguvugu, hata vyombo hayaoshi!

Akaitazama miguu yake. "Baba Mutua, leo ni Alhamisi Kuu? Umenifanya mtume wa kuoshwa miguu?"

Nikacheka. Loo! Yeye hakucheka. Alikohoa mpaka machozi, akashuka, akasimamisha pikapu ya Salim, jirani yetu muuza viazi.

"Panda, shemeji," Salim akasema, jicho kwangu. "Humu ndani ni Mombasa."

Akapanda. Nyumbani bado ni mke wangu na chapati ananipikia, lakini kabichi zake hazijaingia gari langu tena, na kina mama wenzake wa soko wakamfuata huko huko. Themostati nilinunua nyingine, na rejeta ya hita pia. Hita ikachoma kama jiko! Nikawa nabeba mchanga wa ujenzi, nimevua koti, peke yangu.

Nanyi vichwa ngumu wenzangu, fundi akikuuliza umegusa nini, sema! Aibu yake haifiki hata jioni. Lakini mke akishazoea joto la gari la mwenzako, utapuliza hita mpaka uchoke.