Mchele Kwenye Pindo la Kanga

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mimi na mama tulihamia shambani, upande wa Lupiro, kuamia mpunga. Kutwa nilikaa juu ya dungu, jukwaa la miti, nikigonga debe kufukuza ndege. Mpunga uliyumba chini yangu hadi nikaona dungu ndilo linaloelea. Jua lilikuwa kama limefunikwa chandarua, na sauti ya mama ilinijia kutoka mbali, ingawa alikuwa jikoni, hatua chache tu. Nilikipenda kizunguzungu kile, mjinga mimi.

Ukweli ni kwamba damu ilikuwa inanimaliza. Hedhi yangu ilikwenda siku tisa, mara nyingine kumi, na vitambaa nilivifua kabla mama hajaamka. Sikumwambia. Niliona aibu.

Kwetu bondeni ukiishiwa nguvu una malaria, hakuna swali la pili. Mama alinipa dawa mseto, dozi nzima ya siku tatu. Mwezi uliofuata akanipa tena. Nilimeza kwa utii, maana malaria ni ugonjwa wa heshima, unatajika hata mbele ya baba. Nilichotamani ni mchele mbichi tu. Niliutafuna mchana kutwa, mama akanitania kwamba ndege mharibifu kuliko wote yuko juu ya dungu.

Siku niliyoanguka nikishuka ngazi, mama aliiona kanga yangu ilivyolowa damu.  Alisimamisha bodaboda, tukapanda mshikaki hadi hospitalini Ifakara, mimi katikati, kifua chake mgongoni kwangu.

Nesi alivuta kope yangu chini, akasema ndani peupe kabisa. Akapima. Malaria hakuna, damu ndiyo imekwisha. Akauliza siku zangu za hedhi, nikazitaja nikitazama sakafu. Akauliza pia kama natafuna udongo au mchele mbichi, kwani waliopungukiwa damu hutamani vitu hivyo.

 Mama, aliyekuwa akinijibia maswali mengine yote, akafungua taratibu pindo la kanga yake, na punje za mchele zikamwagika mezani.

"Siku kumi, tangu nikiwa msichana," alisema. "Nilidhani ndivyo wanawake tulivyo."

Nesi akamwambia akae, akavuta kope yake chini. Niliinama nikatazama. Palikuwa peupe kuliko pangu.