Maneno ya Kuagia

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Waliosema hivyo hawakupata kumkaribisha Liu. Huyu ukimpa jembe atauliza la kazi gani, kisha atalipiga picha.

Serikali ilimtuma mwanamke huyu awe "ndugu" wa Hanipa na mumewe Ghopur, wazee wawili Waislamu wa Kashgar, magharibi ya China, walioshona mablanketi ya pamba. Kila baada ya muda alifika na chupa ya mafuta ya kupikia, akakaa juma zima, akala nao, akalala nao chumba kimoja, na simu haikumtoka mkononi. Hodi hakupiga. Ndugu apige hodi ya nini? Mimi nasema mtu asiyeruhusiwa kufunga mlango wake hana nyumba, na kumvua mtu sitara yake ni dhuluma hata ukimletea mafuta. Hanipa hakuthubutu kulisema hilo hata akiwa peke yake.

Yeye aliomba jambo moja tu, Ghopur asiende kusoma. Ndivyo mtaa ulivyosema siku hizo. Fundi viatu wa jirani, babu mwenye wajukuu, alichukuliwa asubuhi moja, na mkewe alipoulizwa akajibu kwamba ameenda kusoma. Hakuna aliyeuliza somo gani, wala likizo lini.

Kwa hiyo kabla Liu hajafika walifanya mazoezi. Shida ilikuwa mikono ya Ghopur. Tangu utotoni, akishashiba, ilijiinua yenyewe kwa dua na kupangusa uso, na dua moja mbele ya Liu ilitosha kumpeleka mtu kusoma.

"Mikono, baba Raziye!"

"Imefanya nini tena?"

"Inapanda."

"Basi niikate? Na kisu chenyewe serikali imekifunga mnyororo ukutani!"

Wakacheka, kila mmoja kajiziba mdomo.

"Ukimaliza kula," Hanipa akasema, "shika bakuli la chai kwa mikono yote miwili. Ukikosa bakuli, itie mifukoni."

Juma lile bakuli lilifanya kazi yake. Liu alikula tambi, akazisifu, akauliza mbona pazia ni zito hivyo.

"Na Raziye kule ng'ambo, huwa anapiga simu?"

"Namba yake hatuna, dada," Hanipa akajibu, na haukuwa uongo. Namba ya mwanawe wa pekee aliifuta kwa kidole chake mwenyewe kabla simu haijakaguliwa, na tangu hapo kidole kile alikichukia.

Siku ya kuondoka Liu alikuwa na kikohozi, na nje upepo ulikuwa mkali. Hanipa akavua mtandio wake wa sufu akamfunga shingoni.

"Dada, wewe una moyo mzuri," Liu akasema, na machozi yakamlengalenga.

Pengine ni huruma, pengine ni furaha ya kuona juma limekwisha salama. Ulimi hauna mfupa. Hanipa akafungua kinywa, yakatoka maneno ambayo mama yake na bibi yake walimwambia kila aliyevuka kizingiti kile, hata muuza maziwa.

"Haya, nakukabidhi kwa Mungu."

"Amina," akaitikia Ghopur nyuma yake, na mikono, isiyo na bakuli, ikapangusa uso.

Walikuwa wamefanya mazoezi ya kula, ya kulala, ya kusalimiana, hata ya kupiga chafya. Kuagana hawakukukumbuka.

"Maneno mazuri hayo," Liu akasema. "Maana yake nini?"

"Ni kuagana tu, dada."

Liu akatabasamu, akaandika kitu kwenye simu, akaenda zake na mtandio shingoni.

Siku chache baadaye wakaja vijana wawili wenye adabu. Walimtaka Ghopur. Hanipa akawaambia maneno yalikuwa yake yeye, wamchukue yeye. Wakasema mkuu wa nyumba ndiye anayesoma kwanza.

Ghopur akavaa koti, akafika mlangoni, akasimama. Hanipa alijua anangoja nini. Tangu waoane hakuwahi kutoka bila kuagwa kwa maneno yale, hata akienda dukani. Lakini vijana nao walikuwa wakimtazama yeye mdomoni, na juu ya mlango kamera ilikuwa ikiwatazama wote.

"Kasome vizuri, baba Raziye," akasema.

Ghopur akaitikia kwa kichwa. Akavuka kizingiti, mikono yake ameitia mifukoni, kama alivyofundishwa.