Sista Fortunata na Samadi ya Bonde la Jangwani

Alizaliwa Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mwezi wa Aprili mwaka 1961, akabatizwa Fortunata kabla kitovu hakijakauka, maana mama yake, Agnesi, hakuwa mtu wa kuahirisha mambo. Kwao nguruwe walifugwa nyuma ya nyumba, na samadi yao ikaenda migombani. Ikizidi, jirani alipewa. Hakuuziwa, wala hakuna aliyeuliza maswali, kwa kuwa huko mlimani samadi ilitolewa kama salamu. Fortunata alikua na desturi hiyo, nayo, ingawa ni njema, ndiyo iliyokuja kumponza.

Aliingia utawa akiwa msichana, na mwaka 2004 shirika likamleta Dar es Salaam, kwenye nyumba ndogo ya masista kando ya bonde la Jangwani, afundishe chekechea. Walikuja watoto wa Kikristo na wa Kiislamu, wengi wao na njaa. Sista akajenga banda la nguruwe ndani ya ukuta, mbali na macho ya watoto na majirani, na wauza kitimoto wa mjini wakawa waaminifu kwake kuliko waumini wengi walivyo kwa Misa ya kwanza. Mapato yakawa uji wa watoto.

Chini bondeni alilima Rajabu, mtu wa pwani, mcha Mungu, ambaye mchicha na matembele yake yaliuzwa sokoni Kariakoo. Udongo wake ulipochoka, Sista alimpelekea samadi mbichi kwa toroli, bure, kama alivyolelewa. Hakusema ni ya mnyama gani. Katika mtaa ule Mkristo mwenye adabu halitaji jina la nguruwe mbele ya Mwislamu, na Fortunata alikuwa na adabu hadi ikamwagika. Masista walikuwa na mbuzi pia, waliozurura nje mchana kutwa, kwa hiyo Rajabu alidhani ni ya hao. Alishukuru, na mchicha ukastawi.

Mtihani ulikuja mwaka 2013. Twaha, mwana wa Rajabu, mwanafunzi wa chekechea aliyeshinda akicheza kwenye matuta ya baba yake, alivimba tumbo, kisha akatapika mnyoo mrefu kama kamba ya kiatu. Hospitalini daktari alikuta minyoo imejisokota na kuziba utumbo. Sista alikuwepo kumjulia hali mtoto wakati daktari akieleza kwamba minyoo hiyo ya binadamu na ile ya nguruwe ni ndugu wa karibu, kwamba ya nguruwe humwingia mtu pia, na kwamba mayai yake hukaa udongoni kwa miaka, yakisubiri mkono usionawa au mboga isiyooshwa. Akamuuliza mama wa mtoto, Mwanamkuu, wanatumia samadi gani.

“Ya mbuzi, daktari,” alijibu Mwanamkuu. “Sista huyu ndiye anayetupa, Mungu ambariki.”

Fortunata alitoka wodini bila kumsahihisha, akaenda moja kwa moja kwa Padre Filbert, paroko wake, akamweleza yote.

“Sista, funika kombe mwanaharamu apite,” alisema Padre, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu tu. “Mtoto atapewa dawa. Ukisema, watu watasema tumewalisha najisi makusudi. Chekechea itakufa.”

“Padre, dawa ataimeza, lakini mayai yatabaki kwenye matuta, naye atarudi kucheza palepale. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa kifo hakitaniumbua mimi, kitamchukua mtoto wa watu.”

Aliogopa sana, wala tusimpambe kwa ushujaa ambao hakuwa nao. Alisali kwa machozi, akarudi hospitali jioni ileile, akamkuta Rajabu mlangoni.

“Baba Twaha, samadi niliyokuwa nakupa ni ya nguruwe. Nilijua, nikanyamaza.”

Rajabu akauliza: “Kwa nini hukuniambia, Sista?”

“Nilikuonea haya. Nikaona ndiyo adabu.”

“Adabu gani hiyo, mtu mzima nashika nisichokijua, na mwanangu anakila?”

Akampa kisogo. Sista akaenda kumweleza daktari.

Twaha alikuwa apasuliwe siku iliyofuata, lakini asubuhi tumbo lilifunguka, na minyoo ikatoka mafungu kwa mafungu. Daktari anasema ni dripu na dawa. Mwanamkuu, hadi leo, anasema ni kweli iliyosemwa. Sisi tunayaandika yote mawili.

Msalaba wenyewe ulianzia hapo. Habari ilipoenea, wazazi wengi waliwatoa watoto wao, na chekechea ikabaki na madawati. Nguruwe walipewa dawa ya minyoo, wakahamishiwa shamba la shirika huko Kibaha. Kisha Fortunata akashika koleo, akashuka bondeni, akaanza kukwangua udongo wa juu wa matuta yote aliyoyatia samadi na kuufukia shimoni, mbali na mboga na watoto. Rajabu alikuwa amemuuliza shehe wake, akajibiwa kwamba asiyejua hana lawama, ila moyo wake ulikuwa bado na kidonda. Kila asubuhi alimpita mtu aliyemzidi umri bila kumwamkia, jambo zito kwa mtu aliyelelewa vizuri kama yeye. Sista aliendelea kuchimba. Mikono ilipasuka, na mvua zilipoanza kukaribia alikuwa hajafika nusu.

Ndipo siku moja Rajabu alisimama tutani, na koleo lake mkononi.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba, Baba Twaha.”

Walichimba pamoja hadi adhana ya adhuhuri, na kesho yake wakulima wengine wakashuka na makoleo yao.

Fortunata alifariki kwa maradhi ya moyo mwezi Julai 2022. Pilau ya msiba wake ilipikwa na Mwanamkuu na akina mama wa bondeni. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatutangulii hukumu yake. Ila bondeni sasa samadi hurundikwa ikaiva kwa joto lake miezi mingi kabla ya kugusa tuta, na watoto hunawa mikono na kumeza dawa ya minyoo. Pale Kariakoo, Rajabu humwambia kila mnunuzi, kabla hajaulizwa, mboga zake zimeoteshwa kwa samadi gani na zioshwe vipi. Wengine huondoka, naye huwaacha waende. Ndugu mpendwa, ukitaka kumwiga Fortunata, usianze na kufunga wala mkesha. Yupo jirani unayemficha jambo kwa heshima. Nenda ukamwambie leo, mtoto wake angali mzima.